Hifadhidata inakwama kila mwisho wa mwezi ilhali prosesa haijafika hata nusu: nitazame dalili zipi?

Swali: afisa wa mifumo, Ngara

Hamjambo wenzangu. Ninasimamia mifumo ya chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Nairobi. Wanachama wetu wengi hulipwa mishahara kati ya tarehe 25 na tarehe 5, na siku hizo ndizo wanazoweka akiba kwa simu, wanazolipa mikopo na wanazoulizia salio, karibu wote kwa wakati mmoja. Hifadhidata yetu ni PostgreSQL, nayo inakaa kwenye seva moja yenye viini 8 vya prosesa, RAM ya gigabaiti 32 na diski za SSD. Siku za kawaida haina neno.

Taabu huanza mwisho wa mwezi, mara nyingi saa tatu asubuhi na dakika chache. Makarani wa kaunta hulalamika kwamba skrini hazifunguki, kisha wanachama hupiga simu wakisema fedha zimekwisha kutoka kwenye simu zao lakini hazionekani kwenye akaunti, na baada ya muda programu yenyewe hukataliwa na hifadhidata kwa ujumbe kwamba wateja wamekwisha kuzidi. Kila mara nimekimbilia chati ya prosesa, na kila mara nimeikuta kati ya asilimia 30 na 40. RAM huonekana imejaa, ila huwa imejaa vivyo hivyo hata usiku wa manane ambapo hakuna anayeitumia. Mwezi uliopita niliiwasha seva upya, ikatulia kwa muda wa nusu saa, kisha hali ikarejea palepale.

Uongozi umependekeza tununue seva kubwa zaidi. Mimi sitaki kutia sahihi matumizi ya fedha za wanachama kabla sijajua kinachozidiwa ni nini hasa, kwa sababu mama aliyelipa mkopo wake asubuhi, akaambiwa adhuhuri kwamba bado anadaiwa, hatafarijika kusikia kwamba tumenunua mashine mpya endapo mwezi ujao ataambiwa maneno yale yale. Naomba mnieleze: mtu anayetaka kujua mapema kwamba hifadhidata inaelekea kuelemewa hutazama nini, ikiwa chati ya prosesa haisemi kitu?

Jibu: msimamizi wa hifadhidata, Upper Hill

Ndugu yangu wa Ngara, usitie sahihi kwanza. Chati ya prosesa inakuonyesha kazi inayofanyika, ilhali mfumo ulioelemewa hutambulikana kwa kazi inayosubiri, na hayo ni mambo mawili tofauti. Wewe uko kwenye chama cha akiba, kwa hiyo fikiria ukumbi wenu: makarani wanane wameketi mikono mitupu, foleni imefika barabarani, kwa kuwa kila hati inahitaji sahihi ya meneja mmoja ambaye yuko kwenye simu. Ukipima jinsi makarani walivyo na shughuli utasema ofisi imetulia. Lazima uhesabu waliosimama kwenye foleni na uulize kila mmoja anasubiri nini.

PostgreSQL hukuwekea hesabu hiyo tayari katika mwonekano unaoitwa pg_stat_activity, ambamo kila muunganisho una safu yake. Hali ikianza kuharibika tena, usiiwashe seva upya, maana ukifanya hivyo unafuta ushahidi wote. Soma kwanza safuwima ya state, inayokueleza kama muunganisho unafanya kazi, umekaa bure, au umekaa bure ilhali muamala wake (kazi ambayo hukamilishwa yote kwa pamoja au kufutwa yote) bado uko wazi, hali ambayo huandikwa idle in transaction. Kisha soma wait_event_type, ambayo imekuwapo tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016 na ambayo hutaja kinachosubiriwa. Ukiona neno Lock, kwiri hiyo, yaani ombi lililopelekwa kwa hifadhidata, inasubiri kufuli (haki ya kubadilisha data bila kuingiliwa) linaloshikiliwa na mwenzake; ukiona IO, inasubiri diski; na endapo muunganisho uko active na safuwima hiyo ni tupu, basi kwa kawaida ndipo prosesa inapofanya kazi kwelikweli. Idadi ya miunganisho iliyo active ikivuka idadi ya viini vyako kwa mbali na ikakaa hapo kwa dakika kadhaa, hiyo ni dalili ya kweli. Ikivuka kwa sekunde mbili na kushuka, iache.

Kuhusu RAM, usihangaike nayo kwa namna unavyoiona sasa. Linux hutumia kumbukumbu isiyo na mwenyewe kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, na hifadhidata yenye afya huonekana daima imejaza RAM. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni kuingia na kutoka kwa data kwenye swapu (sehemu ya diski inayotumika RAM isipotosha), yaani safuwima za si na so katika amri ya vmstat. Zikikaa kwenye sifuri, RAM haijakushinda.

Tazama pia wastani wa mzigo wa seva, lakini ujue unachosoma. Kwenye Linux wastani huo huhesabu michakato inayotumia au kungojea prosesa pamoja na ile iliyoganda ikisubiri diski. Kwa hiyo ukiona mzigo wa 25 kwenye viini 8 wakati prosesa iko asilimia 35, elekeza macho kwenye diski: endesha iostat -x na usome asilimia ya matumizi, yaani %util. Ikifika 100, diski ndiyo imezidiwa.

Jibu: mhandisi wa mifumo, Eneo la Viwanda

Ninakubaliana na karibu yote aliyoyasema dada wa Upper Hill, ila hapo mwisho naomba kusahihisha, kwa kuwa kosa hilo lilinipotosha mimi mwenyewe kwa wiki nzima. Asilimia ya %util hupima tu sehemu ya muda ambayo diski ilikuwa na angalau ombi moja mkononi. Kwa diski za zamani zilizohudumia ombi moja kwa wakati mmoja kipimo hicho kilitosha, lakini SSD huhudumia maombi mengi sambamba, kwa hiyo inaweza kuonyesha asilimia 100 na bado ikawa na nafasi tele. Soma badala yake r_await na w_await, ambazo ni milisekunde ambazo ombi moja huchukua tangu kupelekwa hadi kujibiwa, pamoja na aqu-sz, ambao ni urefu wa wastani wa foleni. Ikiwa siku ya kawaida ombi hujibiwa chini ya milisekunde 1 na leo linachukua 20, hapo diski imeelemewa, hata %util iseme nini.

Jambo la pili ni ule ujumbe wa wateja kuzidi. Natabiri kwamba mtu ofisini mwenu atashauri mpandishe max_connections, yaani kikomo cha miunganisho. Msifanye hivyo kabla ya kupiga hesabu ifuatayo, ambayo msingi wake ni kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961: idadi ya walio ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila mmoja anakaa. Tuseme programu yenu hupeleka miamala 30 kwa sekunde na kila mmoja huchukua sekunde 0.05. Kwa wastani ni miunganisho 1.5 tu inayofanya kazi. Sasa acha kitu fulani kirefushe kila muamala hadi sekunde 3, bila mwanachama hata mmoja kuongezeka: 30 mara 3 ni 90. Kiwango cha max_connections ambacho PostgreSQL huja nacho ni 100, na nafasi 3 kati ya hizo hutengewa msimamizi mkuu, kwa hiyo programu ina 97. Mmebakiwa na pumzi moja kabla ya kukataliwa. Mnaona basi kwamba idadi ya wanachama haikuhusika. Kilichobadilika ni muda wa kukaa. Mkipandisha kikomo hadi 500, foleni itakuwa ndefu zaidi, na kwa kuwa kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato kamili wenye kumbukumbu yake, ndipo mtakapoifikia ile swapu ambayo leo haiwasumbui.

Ndiyo maana mimi, nikilazimishwa kuchagua chati moja tu ya kubandika ukutani, huchagua muda wa kujibu. Nao sitazami wastani, kwa kuwa wastani huficha wachache walioumia. Natazama kiwango ambacho asilimia 95 ya kwiri zimejibiwa chini yake, kisha na kile cha asilimia 99. Vipimo hivyo vichukue kwenye programu yenyewe, maana pg_stat_statements, nyongeza ya PostgreSQL inayoweka takwimu za kwiri na ambayo nakuhimiza uiwashe hata hivyo, hukupa jumla, wastani na vipeo vya kila aina ya kwiri lakini haikupi viwango hivyo. Kumbuka kwamba kuiwasha kunahitaji kuiweka kwenye shared_preload_libraries na kuanzisha upya hifadhidata mara moja, kwa hiyo chagua usiku.

Swali langu kwako, ndugu wa Ngara: kwa nini saa tatu? Mishahara haiingii saa tatu kamili. Kitu kinachoanza kwa saa maalumu mara nyingi kimepangwa na mtu.

Muulizaji anarejea

Nawashukuru sana. Niliandika hati fupi inayonakili pg_stat_activity kwenye faili kila baada ya sekunde 10, nikaiacha ifanye kazi kuanzia tarehe 27, na asubuhi ya tarehe 29 tatizo likaja. Nimepata mambo mawili, na la kwanza limenisikitisha.

Saa tatu kamili ilitokea kwiri moja ambayo sikuwahi kuiona mchana: ripoti ya mizania ya wanachama wote, inayosoma jedwali la miamala tangu safu ya kwanza hadi ya mwisho. Ripoti hiyo huendeshwa siku tatu za mwisho wa mwezi, na miaka kadhaa iliyopita mtangulizi wangu aliagizwa aipange saa sita usiku. Aliandika 06:00, na seva yetu inafuata saa ya UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Saa kumi na mbili asubuhi ya UTC ni saa tatu asubuhi ya Nairobi, dakika ile ile tunapofungua milango ya kaunta. Mwanzoni jedwali lilikuwa dogo na ripoti ilimalizika kabla ya mtu kuhisi. Sasa inachukua dakika 40, na w_await ya diski ilipanda wakati huo kutoka chini ya 1 hadi kati ya 15 na 18. Hata ile nusu saa ya utulivu niliyoipata mwezi uliopita nimeielewa: kuwasha seva upya kuliikata ripoti, na programu inayoiendesha hujaribu tena baada ya dakika 30.

La pili ndilo nisiloelewa. Ripoti hiyo inasoma tu, haiandiki. Lakini katika nakala zangu za saa tatu na dakika kumi, miunganisho 61 ilikuwa ikisubiri Lock, na michache ilikuwa idle in transaction kwa sekunde mbili hadi tano. Kwa nini ripoti inayosoma ifunge makufuli ya wengine?

Jibu: msimamizi wa hifadhidata, Upper Hill

Kwanza, mwenzangu wa Eneo la Viwanda yuko sahihi kuhusu %util, nami naondoa kauli yangu.

Ripoti haikufunga mtu. Katika PostgreSQL msomaji hamzuii mwandishi wa safu. Ripoti imeipunguzia diski kasi, na udhaifu uliokuwa umelala ndani ya programu yenu ukajitokeza. Tumia pg_blocking_pids kwenye kila muunganisho unaosubiri na utapata nani anamshikilia nani. Nakisia, kutokana na kazi mnayofanya, kwamba mna safu moja inayotunza jumla ya akiba yote ya chama, kwamba kila amana inaiongeza safu hiyo, na kwamba programu hufungua muamala, huigusa safu hiyo, huuliza huduma ya malipo ya simu kama fedha zimethibitishwa, husubiri jibu kupitia mtandao, kisha ndipo hukamilisha muamala. Wakati wote huo kufuli la safu lile liko mkononi mwake, na wengine wote wamepanga foleni nyuma yake.

Kama ndivyo, hakuna seva duniani itakayokusaidia. Kufuli likishikiliwa kwa nusu sekunde, mnaweza kupokea amana mbili kwa sekunde na si zaidi, mkiwa na viini 8 au 128. Hapo ndipo asilimia zako 35 zilipotoka: prosesa ilikuwa haina la kufanya. Msikilize na athari yake ya pili, ambayo huja polepole: muamala ulioandika kitu na ukaachwa wazi huizuia vacuum, yaani kazi ya usafi ya PostgreSQL, kuondoa safu mfu (nakala za zamani zisizohitajika tena) zilizoachwa tangu ulipoanza, na jedwali linaloguswa mara nyingi kama hilo huvimba haraka. Sekunde tano hazidhuru. Muamala uliosahaulika tangu asubuhi hadi jioni hudhuru.

Tiba ni kuwaomba waandishi wa programu wathibitishe malipo kabla ya kufungua muamala, na waiguse safu ya jumla mwisho kabisa, karibu na kukamilisha. Bora zaidi ni kuiondoa safu hiyo na kuandika kila amana kama safu mpya, halafu jumla ihesabiwe kando. Wakati mkiwasubiri, weka idle_in_transaction_session_timeout, kwa mfano sekunde 30, ili muamala uliotelekezwa ukatwe wenyewe. Kabla ya kuiweka, hakikisha programu inajua kurudia amana iliyokatwa bila kuiingiza mara mbili, kwa kuwa hizi ni fedha za watu.

Tahadhari moja ya mwisho. Ukilazimika kukata muunganisho kwa mkono, tumia pg_terminate_backend. Usitumie pg_cancel_backend kwa aliye idle in transaction, maana hukata kwiri inayoendelea na yeye hana kwiri inayoendelea. Na usiwahi kutumia kill -9 kwa mchakato wa PostgreSQL: hifadhidata nzima huchukulia kwamba kumbukumbu ya pamoja huenda imeharibika, hukata kila mtu na kuanza upya.

Jibu: mhandisi wa mifumo, Eneo la Viwanda

Naongeza machache tu kuhusu ufuatiliaji wa siku zote, kwa kuwa faili lako la kila sekunde 10 limefanya kazi nzuri kuliko dashibodi nyingi nilizoziona, na lisiishie hapo. Prometheus pamoja na Grafana zitakuchorea vipimo hivi bila gharama ya leseni. Lakini kuchora ni rahisi; kuamua ni chati ipi imwamshe mtu usiku ndiko kugumu. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo arifa zilikuja kwa mamia kwa siku, na siku ambayo diski ilijaa kwelikweli hakuna aliyefungua ujumbe, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kujizoesha kuzifuta.

Mimi ningemwamsha mtu kwa mambo manne pekee: muda ambao asilimia 95 ya maombi ya wanachama hujibiwa chini yake ukivuka kiwango mlichokubaliana kwa dakika tano mfululizo, miunganisho iliyotumika ikivuka asilimia 80 ya kikomo, muamala wowote ukikaa wazi kwa zaidi ya dakika kumi, isipokuwa ripoti na nakala rudufu mlizozitaja kwa jina, na nafasi ya diski ikibakia kiasi ambacho, kwa kasi ya ujazo wa leo, kitaisha kabla ya kesho asubuhi. Mengine yote, prosesa ikiwamo, yakae kwenye dashibodi yakusaidie kutafuta chanzo ukishaamka.

Viwango usivichukue kwangu. Vichukue kwenye rekodi zenu, na ulinganishe tarehe 29 na tarehe 29 ya mwezi uliotangulia, usiilinganishe na jana, kwa kuwa kwa chama kama chenu mwisho wa mwezi ni hali ya kawaida yenye sura yake. Washa pia log_lock_waits, ili kila anayesubiri kufuli zaidi ya sekunde moja aandikwe kwenye logi. Na kama bado mnataka kuzuia mafuriko ya miunganisho, wekeni PgBouncer, programu inayowagawia wateja wengi miunganisho michache, mbele ya hifadhidata. Kwa viini 8, anzeni na miunganisho kama 16 au 18 inayofanya kazi kwa wakati mmoja, kisha mrekebishe kwa vipimo.

Muulizaji anarejea

Ulikisia sawasawa, dada. Safu ni hiyo moja ya jumla ya akiba, na simu kwa huduma ya malipo inafanyika katikati ya muamala, mstari wa sita baada ya safu kuguswa. Waandishi wa programu wameahidi kuihamisha kabla ya tarehe 20.

Ripoti nimeihamishia 21:00 ya UTC, ambayo ndiyo saa sita usiku ya hapa, na nimeandika saa zote mbili kando yake katika faili la ratiba. Tarehe 30, ripoti ikiwa imeondoka asubuhi lakini programu haijarekebishwa, waliosubiri kufuli kwa wakati mmoja hawakuzidi 9, na hakuna aliyekataliwa. Ombi la seva mpya nimelirudisha kwa mhasibu bila sahihi, pamoja na nakala ya faili la asubuhi ile. Nitaleta hapa vipimo vya mwisho wa mwezi ujao, programu ikiwa tayari imebadilishwa.